Nilivyoupeleka wimbo wa mama mkwe Ujerumani

Ukitaka kufika Oloipiri, andaa mgongo. Basi linatoka Arusha alfajiri, linapita Mto wa Mbu, Engaruka, linaupita mlima Ol Doinyo Lengai huku vumbi likiwa limekuingia mpaka masikioni, linapandisha kuelekea Sale, na jua likianza kulala ndio unashuka Wasso. Hapo hujafika. Unatafuta bodaboda au unaomba lifti. Ni tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, upande ule ambao ukiswaga ng'ombe kuelekea magharibi unakutana na Serengeti. Watu wa Dar wengi walilijua jina la Loliondo mwaka 2011 tu, kwa ajili ya kikombe cha Babu kule Samunge. Walikuja, wakanywa, wakaondoka.

Mimi nilikuja nikabaki. Ni Mwiraqw wa Karatu, mwalimu wa shule ya msingi, na nimeolewa huku. Siku nilipoingia kwenye boma mama mkwe alinipa ng'ombe, na tangu hapo haniiti kwa jina wala mimi simwiti kwa lake. Tunaitana Pakiteng. Wamasai wataelewa, kwa wengine, ni namna ya kusema wewe na mimi tuna ng'ombe kati yetu, hatuwezi kuchezeana.

Tunaimba kwaya moja, kanisa letu la Kilutheri lenye bati na kinanda kinachotumia sola. Yeye sauti ya kwanza, mimi sauti ya pili. Mwaka 2023 tukaalikwa Ujerumani, tuimbe kwenye ibada za Kanisa Kuu la Magdeburg mwezi Mei. Tuko thelathini na moja, nafasi zilizolipiwa ni kumi na nane. Hapo ndipo kimbembe kilipoanza! Watu waliokaa miaka bila kuja mazoezi ghafla wakawa wa kwanza kufika. Jina la mama mkwe lilikuwemo kwenye orodha. Langu halikuwemo, nilikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili.

Basi, paspoti inataka cheti cha kuzaliwa, na mama aliyezaliwa bomani enzi zile anacho wapi? Njia ya kiapo ipo, na mwalimu wa kwaya alikuwa tayari kumpeleka. Jioni moja tukiwa tunakamua, Pakiteng akaniambia hatakwenda. Magoti yanamsumbua. Niende mimi.

Baba watoto alipinga. "Mtoto bado ananyonya, unaniachia nani?" Mama mkwe akamjibu kwa Kimasai maneno ambayo siwezi kuyaandika humu, ila maana yake ilikuwa: nilikulea wewe ukakua, huyu atanishinda? Mume wangu akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akanipa hela ya picha za paspoti.

Kwa nini Ujerumani, utauliza. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Mwaka 1896 wawili wao, Ovir na Segebrock, waliuawa kule Akeri, Meru. Wenzao hawakuacha, na mwaka 1904 wakafungua kituo Ilboru, Arusha. Urafiki wa makanisa ya huko na ya kwetu kaskazini umetoka huko, na hata kitabu chetu cha nyimbo, Mwimbieni Bwana, kimejaa tuni za Kijerumani. Tulizoea kuziimba mpaka tukasahau kwamba zina kwao.

Mama mkwe hakusahau. Alitusikia tukifanya mazoezi wiki baada ya wiki, noti za do-re-mi, wimbo wa Martin Luther, koreli za Bach. Siku moja njiani kwenda kisimani akaniuliza: "Pakiteng, kwani hao hawana nyimbo hizo? Mnampelekea mtu maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe?"

Nilikosa jibu. Akaanza kunifundisha wimbo mmoja wa akina mama, wa kumwomba Enkai mvua na watoto. Mmoja anatangulia, wengine wanaitikia, hakuna chombo chochote isipokuwa pumzi. Nilikuwa nimeuitikia mara nyingi kwenye sherehe, lakini kuutangulia ni kazi nyingine. Kila siku kwenda kisimani na kurudi, na ndoo kichwani. Nikimwambia mwalimu wa kwaya anasema huo ni wa kimila, haufai altareni. Mimi huyo, nikanyamaza.

Barua ya wenyeji wetu nayo ilikuwa na yake. Waliomba tuje na mavazi ya asili na ngoma. Mavazi sawa, japo mwenyekiti wetu alikuwa ameshashona suti na ilimuuma sana. Lakini ngoma? Msomaji wangu, Wamasai hawana ngoma! Hawajawahi kuwa nazo. Tuliandika hivyo, tukajibiwa kwa upendo kabisa kwamba tusijali, ngoma zitatafutwa huko.

Safari yenyewe niipite haraka. Matope ya Aprili, basi kukwama mara mbili, KIA, Addis Ababa, Frankfurt, halafu basi tena kwa saa nyingi. Tulifika saa mbili usiku na jua lilikuwa bado linawaka. Mzee mmoja wa sauti ya nne alikataa kula chakula cha usiku mchana.

Niligawiwa kwa mama mmoja mjane, nesi mstaafu wa miaka sabini na nane. Nyumba ya vyumba vinne, na anayelala humo ni yeye peke yake. Watoto wako mbali, wanapiga simu Jumapili. Nilimfikiria Pakiteng anayelala na wajukuu watano, mmoja miguu yake iko mdomoni kwa mwenzake. Usiku wa tatu nikaanza kuumwa. Maziwa yalikuwa yamejaa, matiti magumu kama mawe, natetemeka kwa homa. Hatukuwa na lugha, nikamwonyesha tu. Yule mama hata hakushtuka. Akafungua friji, akatoa maziwa ya mgando mazito, akayapaka kwenye kitambaa, akanifunga kifuani. Dawa yao ya siku nyingi. Nikacheka na machozi yananitoka: mke wa Mmasai, nimevuka bahari nije kuponywa na mgando! Akakaa kitandani kwangu mpaka homa ikashuka. Asubuhi nikamvalisha bangili ya shanga niliyokuja nayo, nikamwita Mama, na hilo neno alilijua.

Sasa njoo nikupeleke kwenye kanisa lenyewe. Lilianza kujengwa mwaka 1209, likakamilika 1520. Minara yake miwili ina urefu wa karibu mita mia moja. Ndani kalala mfalme Otto wa Kwanza, aliyefariki mwaka 973. Ukiinua kichwa kutafuta paa, kilemba kinadondoka. Lakini kilichotufunga midomo ni sanamu moja ya mawe upande wa altare: askari mwenye deraya ya minyororo, miguu imekatika, na uso wake ni wa mtu mweusi kabisa. Pua, midomo, kila kitu. Ni Mtakatifu Mauritius, ambaye kanisa linaitwa kwa jina lake, na walimchonga hivyo mnamo mwaka 1240. Tulisimama mbele yake kama watu waliokutana na ndugu stendi ya Frankfurt. "Huyu ni Mwarusha," alinong'ona yule mzee wa sauti ya nne, na sijui kwa nini ila wote tulijikuta tunamsalimia.

Jumamosi tukafanya mazoezi, na hapo tukaaibika. Ngoma zilikuwa zimekodiwa kweli, zile za Afrika Magharibi. Kijana wetu mmoja akajaribu. Lo! Kanisa la mawe lile si la bati. Sauti ikitoka hairudi upesi wala haifi upesi, inazunguka juu huko sekunde kadhaa, na pigo la pili linalikuta la kwanza bado lipo. Ikawa uji mtupu. Mapambio yetu ya kasi yakawa kelele. Koreli zilitoka vizuri, hilo siwezi kukataa, lakini wale waimbaji wao waliokuja kutusikiliza walikuwa wanatabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mtoto anayekusomea barua uliyoiandika wewe.

Mpiga ogani akauliza, kupitia mkalimani: nyumbani kwenu, pasipo chombo, mnaimba nini?

Kimya. Mwalimu wa kwaya akaangalia viatu vyake. Nikainua mkono.

"Mmbulu atuongoze wimbo wetu?" Alisema dada mmoja wa sauti ya kwanza, kwa Kimasai, akidhani sijasikia au akitaka nisikie. Uso ulinichoma. Ningemjibu nini? Ni kweli, lugha yenyewe nilianza kuijifunza nikiwa na miaka ishirini na nne. Nikamwambia tu, "Ni wa Pakiteng wangu. Angekuwepo ungemwitikia." Hakusema kitu. Nikaanza.

Wakaitikia. Ile sauti ya wanaume ya kooni, ile inayokoroma chini, ikaingia kwenye nguzo kana kwamba zilijengwa kwa ajili yake. Nikagundua kitu: nikimaliza mstari lazima nisubiri. Nisiwahi. Niache jengo limalize, ndipo niendelee. Mwalimu wa kwaya hakusema tena habari ya altare.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya nne baada ya Pasaka, wenyewe wanaiita Kantate, yaani imbeni, na Walutheri wa huko wameitenga kwa ajili ya muziki. Viti havikujaa. Eneo lile lilikuwa chini ya ukomunisti tangu 1949 hadi 1990 na watu wengi hawana dini yoyote. Tukaimba, wimbo wa Pakiteng ukaja baada ya somo, na dada wa sauti ya kwanza aliitikia kwa nguvu kuliko wote. Sijui alikuwa ananisamehe au ananionyesha.

Kilichonimaliza ni kilichofuata. Kwaya yao na waumini wakasimama, wakafungua kitabu chao namba 116, wakaanza. Tukaangaliana. Ni Mfurahini, Haleluya! Ule wa Bernard Kyamanywa, alioutunga mwaka 1966 kwa tuni ya kwetu Tanzania, na Ulrich Leupold akautia Kijerumani mwaka 1969. Yule mama mwenyeji wangu alikuwa anauimba bila kitabu. Baadaye nilimuuliza kama anajua umetoka wapi. Akashangaa. Alidhani ni wao tu.

Jioni hizo kwenye chakula waliuliza mengi. Simba, mahari, wake wangapi. Waliuliza pia kuhusu ardhi, maana habari za Juni 2022, kilomita za mraba 1,500 za Loliondo zilipowekewa mipaka na baadaye kuwa Pori la Akiba la Pololeti, zilikuwa zimewafikia. Wengine wetu walijibu, wengine wakaendelea kula. Hiyo ni makala nyingine.

Nilirudi nikamkuta mwanangu ameacha ziwa. Alinitazama kama mgeni, akajificha nyuma ya bibi yake. Nililia jikoni, nisikufiche. Ilimchukua siku nne kunijia.

Jioni moja nikamfungulia Pakiteng simu, mtu alikuwa amerekodi. Alisikiliza akiwa ameshika kibuyu, macho chini. Nilingoja anisifu.

"Hapa mbona umechelewa?"

Nikamweleza habari ya mawe, kwamba sauti inabaki juu na lazima uingoje. Akaniambia nirudishe mwanzo. Akasikiliza tena, safari hii akiitikia kwa chini chini, na pale penye kungoja akangoja. Ilipoisha akauliza kama yule mjane mgando wake ni wa ng'ombe au wa mbuzi.