Nyongeza ya mgeni

Wiki mbili hizi nimekuwa nikipanda na kushuka barabara ya Moshi nikifuatilia habari ya bei ya ndizi. Leo naziacha ndizi kidogo. Nataka kuwasimulia habari za bata.

Mwaka 2010 nilikuwa darasa la tano, tukiishi Kaloleni. Jirani yetu palikuwa na duka la fotokopi, na kijana wa dukani alikuwa ameweka gemu ya Pokémon Red kwenye kompyuta. Nusu saa, shilingi mia mbili. Kwa wasioijua, unakamata vijidude, unavipiganisha, vinapata pointi za uzoefu na kupanda leveli. Gemu hizi zilianza Japani mwaka 1996, na tangu mwanzo kubadilishana ndiyo ilikuwa utamu wake. Waya uliunganisha Game Boy mbili, changu kikaja kwako, chako kikaja kwangu.

Sisi hatukuwa na waya. Lakini ndani ya gemu kuna mji wa Vermilion, na katika nyumba moja pale ukitoa Spearow, kindege kidogo kikali, unapewa Farfetch'd, bata anayetembea na bua la kitunguu. Anakuja na jina lake kabisa, DUX. Huwezi kulibadili, kwa sababu si wewe uliyempa.

Sasa utamu uko hapa. Kila kijidude hubeba namba ya mwenyewe wa kwanza. Gemu ikiona namba hiyo si yako, inakiongezea nusu ya pointi. Chukua Spearow na DUX, wote leveli ya 20. Kufika 21 kila mmoja anahitaji pointi 1,261. Tuseme kila pambano linalipa pointi 100: Spearow atapigana mara 13. DUX anapata 150, kwa hiyo anamaliza kwa mara 9. Na kuanzia Diamond na Pearl za mwaka 2006, kijidude kilichotoka kwenye gemu ya lugha nyingine kinapata 170, yaani mara 8 tu. Kirudishe kwa mwenyewe wa kwanza, nyongeza inakoma.

Ila mgeni ana masharti. Katika Red, kama huna beji, anakutii mpaka leveli ya 10 tu. Beji ya Cascade inakupa mpaka 30, Rainbow 50, Marsh 70, na Earth inamaliza kazi. Akizidi hapo anaweza kulala katikati ya pambano au kukupuuza tu. Kwa maneno mengine, mgeni anakutii akiwa bado mdogo.

Mwaka huohuo mama alimleta mtoto wa mama mdogo kutoka Nkoaranga, kule juu kwenye migomba ya Meru, aje asome mjini. Tulikuwa darasa moja, mimi nikimzidi miezi michache. Tukampachika jina "Mlimani". Hakuwahi kuliitikia, lakini kila alipotumwa alienda: maji, mkaa, vyombo. Shuleni alianza wa mwisho mwisho. Kufika mtihani wa kufunga mwaka alikuwa amenipita kwa nafasi sita. Nikamwambia mbele ya wote mezani, "Wewe una nyongeza ya mgeni, kama DUX." Tulicheka sana. Naye alicheka.

Mwaka 2013, tukiwa kidato cha kwanza, baba yake aliugua, akarudi Nkoaranga kusaidia shamba. Shule ikaishia hapo. Mimi nikaendelea mpaka chuo kikuu, nikapata kazi gazetini.

Jumamosi iliyopita niko soko la Tengeru na kijitabu changu, natafuta wa kumhoji kuhusu ndizi. Nani ananishika bega? Yeye. Siku hizi ananunua mikungu mashambani na kuishusha sokoni. Alinieleza bei vizuri kuliko wote niliowahoji. Tukakaa kwa mama lishe, tukaanza ya zamani, nami nikamkumbusha utani wangu wa nyongeza.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, ile haikuwa nyongeza. Nilikuwa naogopa kurudishwa. Nyinyi mkifeli mlichapwa, yakaisha. Mimi nikifeli napandishwa gari."

Kumbe usiku tukishalala, yeye akishaosha vyombo, alikuwa anasoma jikoni. Miaka mitatu tulikaa nyumba moja na sikuwahi kujua. Mimi niliona pointi zinapanda tu, nikadhani kuna anayezigawa bure.

Nimekumbuka na jambo jingine, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Ni yeye aliyenishauri nimtoe Spearow nimchukue DUX. Alisimama nyuma ya bega langu kila siku, akijua gemu kuliko mimi. Lakini mia mbili ilikuwa yangu, na sikumbuki hata siku moja kumwachia kiti.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna mtoto aliyeletwa na kila mtu anamsifu kwa bidii, jioni moja mwulize anaogopa nini.

Nilimwomba msamaha palepale, sahani ya wali mbele yetu. Akanipiga bega, akasema yalishapita. Wakati tunaagana akaniuliza, "Hivi yule bata bado anaitwa DUX?"

Nikamwambia bado. Jina halibadiliki.