Kabla hujamwambia mtu "futa yote, sakinisha upya"

Jamani, miongozo ya kusakinisha MySQL ni mingi kuliko matatu za Thika Road. Karibu yote inafanana: andika amri hii, halafu hii, halafu hii, hongera, umemaliza! Ukibahatika, kweli umemaliza. Usipobahatika unaona hii:

ERROR 2002 (HY000): Can't connect to local MySQL server through socket '/var/run/mysqld/mysqld.sock' (2)

Na hapo mwongozo umeshakuaga zamani.

Ujumbe huo unatisha lakini umejaa habari. MySQL ni programu mbili: seva inayotunza data, na ile `mysql` unayoandika kwenye terminali ili kuzungumza na seva. Mgeni haambiwi hivyo, kwa hiyo anadhani ni kitu kimoja na kimeharibika chote. Kosa la 2002 linasema tu kwamba umebisha hodi na hujafunguliwa. Ile namba ya mwisho kwenye mabano ndiyo tamu: 2 ni kwamba faili la soketi halipo (mara nyingi seva haijawaka), 13 ni kwamba huna ruhusa ya kulifikia, 111 ni kwamba faili lipo lakini hakuna anayesikiliza. Ukisahau, andika `perror 13` na MySQL yenyewe itakukumbusha. Ni miongozo mingapi umesoma inayotaja perror?

Kosa la "Access denied" ni jambo tofauti kabisa. Hapo seva iko hai, ila imekukataa wewe. Kwenye Ubuntu, tangu toleo la 18.04 la mwaka 2018, ukisakinisha kwa njia ya kawaida root haulizwi paswadi. Seva inaangalia wewe ni nani kwenye kompyuta yenyewe. Dawa ni `sudo mysql`, basi. Lakini miongozo ya kabla ya hapo bado inasambaa, haina tarehe wala toleo, na mtu anaandika paswadi mara ishirini akijilaumu.

Akichoka, anakutana na ushauri ninaouchukia: futa yote, kisha `rm -rf /var/lib/mysql`, usakinishe upya. Hakuna anayemwambia kwamba data zake zinakaa humo humo!

Rafiki yangu anayetunza rekodi za chama alinipigia simu akiwa ameshaandika mstari huo, bado kubonyeza Enter. Seva ilikuwa imekataa kuwaka tangu asubuhi. Nikamwambia aandike `df -h` kwanza. Diski ilikuwa imejaa, 100%. Tukaondoa logi za zamani zilizobanwa kwenye /var/log, tukawasha seva, na michango ya miaka minne ikawa pale pale ilipokuwa. Dakika kumi hivi, pamoja na stori.

Kwa hiyo ukiandika mwongozo, weka juu kabisa tarehe, toleo la MySQL na la mfumo. Baada ya kila amri onyesha kinachotakiwa kuonekana. `sudo systemctl status mysql` ilete "active (running)", isipoleta, msomaji aende `sudo tail -n 30 /var/log/mysql/error.log` kabla ya kugusa kitu kingine. Ujumbe wa kosa uache kwa Kiingereza chake, herufi kwa herufi, kwa sababu mtu huunakili na kuutafuta jinsi ulivyo. Maelezo ndiyo yawe Kiswahili. Nimeona watu wakitafsiri hata ujumbe wenyewe... nia nzuri, lakini nani ataupata?

Ya PostgreSQL nitaiandika wiki ijayo. Kilio cha huko ni "Peer authentication failed", na ni ndugu wa damu wa ile habari ya root wa Ubuntu.