Milimita Kumi

Wakati ule, Kiembe Samaki tulizijua gari kwa sauti kabla hazijatokeza njia ya Uwanja wa Ndege. Yangu ilikuwa Subaru Impreza ya lita 2, isiyo na tabo, mtumba wa Japani. Asubuhi ikiwaka mara moja, silensa imetulia tuli.

Nikaona haitoshi. Jamaa akaniletea throto kubwa kutoka Sharjah, ya milimita 70. Ya asili niliipima kwa kalipa, 60. Hesabu ikanilevya: milimita 10 tu, lakini uwazi wa duara hukua kwa kipenyo mara kipenyo, kwa hiyo mlango wa hewa ulizidi kwa asilimia 36. Nikadhani na nguvu zitazidi vivyo hivyo.

Fundi aliyeitunza gari ile tangu ilipotoka bandarini aliigeuza mkononi, kisha akapitisha kidole kwenye mdomo wa manifoldi.

"Mwanangu, mlango umeupanua, chumba ni kile kile. Na hapa pana kizingiti, upepo utajikwaa."

"Ami, we funga tu."

Akafunga. Hakusema tena.

Siku ya kwanza nilifurahi mno. Nikigusa mafuta, gari inaruka. Kumbe kibati cha throto kubwa kikifunguka kidogo tu hupitisha hewa nyingi. Nikikanyaga mpaka chini, mwendo ulikuwa ule ule. Injini kama ile hunyonya kadiri silinda, kemu na valvu zake zinavyoruhusu. Wiki haikwisha, silensa ikawa inapanda na kushuka, maana kontrolboksi ilipangiwa hewa ya mdomo wa zamani. Ikawa inanizimikia kipilefti, watu wamenipangia foleni nyuma.

Leo fundi wangu ni marehemu, na sikuwahi kumwambia kwamba alisema kweli. Hilo huniuma kuliko fedha. Gari mpya nyingi hazina hata waya wa mafuta. Mota ndogo ya umeme ndiyo inayofungua kibati, na vijana huzipanga kwa kompyuta. Wakija kuniuliza nawaambia wapime mdomo wa manifoldi kwanza, wawe na mtu wa kuipanga upya kontrolboksi, na throto ya asili waiweke kabatini.

Yangu niliiuza kwa kilo kwa mnunuzi wa chuma chakavu, pamoja na sufuria mbovu za aluminiamu.