Ndoo nyuma ya jiko

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, wadau. Nisameheni.

Mwezi uliopita mhariri alinituma kwenye makao ya wazee, nje kidogo ya jiji. Kampuni moja ilikuwa inatoa msaada: mchele, sabuni na katoni za pampasi za watu wazima. Hotuba, picha, soda, na bahasha ya "nauli" kwa waandishi (msiniulize).

Wageni wakiwa wanakula, nikazunguka nyuma ya jiko kutafuta choo. Nikamkuta mama mmoja, mhudumu, na ndoo imejaa pampasi zilizotumika. Mikono mitupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usisogee, inanuka."

Akamwaga zote shimoni, akamimina mafuta ya taa, akawasha kiberiti. Lakini pampasi iliyolowa haiungui, inafuka tu. Moshi mzito ukaingia moja kwa moja kwenye madirisha ya wazee. Plastiki ikichomwa kwa moto hafifu namna ile hutoa sumu ya dioksini. Tanuri la kweli la taka za namna hii linahitaji nyuzi joto 850 na zaidi.

Kisha nikaona kidole chake kimefungwa kitambaa. Mzee mmoja ana kisukari, na sindano zake za insulini zilitupwa kwenye mfuko uleule wa pampasi. Mama alichomwa Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Hakuna aliyemwambia kwamba ukichomwa unaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, hukamui, halafu unakimbilia hospitali, maana dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Chanjo ya homa ya ini B hajawahi kupata hata dozi moja.

Kinachoniuma, haya hayadai mfadhili mkubwa. Glovu na aproni. Pampasi ikunjwe uchafu ukae ndani, iingie kwenye mfuko usiovuja, ndoo iwe na kifuniko. Mikono ioshwe sekunde 40 hadi 60 hata kama ulivaa glovu. Sindano zikae peke yake kwenye kisanduku kigumu, kifungwe kikifika robo tatu. Msimamizi alinijibu kwamba mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019. Si kweli! Kanuni zile ziliruhusu plastiki za huduma za afya na za usimamizi wa taka.

Habari ilitoka ukurasa wa 7: mkurugenzi anakabidhi katoni, anatabasamu. Aya zangu mbili kuhusu shimo zilikatwa, nafasi haikutosha. Mama nilimpa namba yangu na ile bahasha, aende hospitali siku hiyohiyo.

Jana kanipigia. Kipimo cha kwanza hakijaonyesha kitu, amepangiwa tarehe ya kurudi. Akauliza kama gazeti lilishatoka. Nikamwambia lilitoka, mama.

"Na ndoo umeiandika?"