Mlima Mmoja, Mvua Mbili

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Msemo huo ni wa kweli, lakini hausemi mvua yenyewe itanyesha katika shamba la nani. Katika nchi ya Kenya, ambayo Ikweta yaipita katikati na ambayo kilele chake kirefu chafika mita 5,199 juu ya bahari, jambo hilo laweza kumshibisha mtu au kumlaza njaa. Tena laweza kuwagombanisha ndugu wa tumbo moja.

Na watazamwe ndugu wawili waliozaliwa upande wa Embu, kusini-mashariki ya Mlima Kenya. Mkubwa alirithi shamba la baba yao. Mdogo hakupata ardhi ya kumtosha, basi akanunua ekari chache huko Laikipia, karibu na Nanyuki, kama walivyofanya watu wengi baada ya uhuru wa mwaka 1963, mashamba makubwa ya walowezi yalipouzwa na kukatwa vipande vipande. Udongo aliuona mzuri, na mlima ulikuwa ule ule aliouzoea, ila sasa aliutazama kwa upande wa pili. Alichukua mbegu za mahindi kutoka kwao, akalima, akapanda katika mwezi ule ule aliokuwa akipanda baba yake.

Mahindi yalimea vema, yakafika kiunoni, kisha yakanyauka kabla ya kubeba. Mwaka wa pili ikawa vivyo hivyo. Alipomwomba kaka yake magunia mawili ya kuwalisha watoto, alijibiwa kwa maneno makali: "Mimi nawe twatazama mlima mmoja. Mimi nimevuna, wewe hukuvuna. Basi kosa si la mvua, ni la jembe lako." Maneno hayo yalimchoma kuliko njaa yenyewe, kwa kuwa aliijua kazi aliyoifanya.

Sababu ya mambo hayo si siri. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi na kuingia bara. Ukiufikia mlima hulazimika kupanda. Ukipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka kuwa mawingu na mvua. Ndiyo maana miteremko ya kusini-mashariki hupata, mahali pengine, zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Upepo huo ukivuka na kuanza kushuka upande wa kaskazini-magharibi, huwa umekwisha kuutua mzigo wake, na kadiri ushukavyo ndivyo uzidivyo kupata joto na kukauka. Nanyuki hupata kama milimita 700 tu, nazo haziji pamoja: nyingine huja mwezi wa Aprili, nyingine Agosti, nyingine Novemba.

Jambo la pili ni baridi. Kwa kila mita 1,000 apandazo mtu, joto hupungua kwa kadiri ya digrii 6. Nanyuki iko juu karibu mita 1,950, na katika baridi ya kimo hicho mahindi hukua polepole na kutaka miezi mingi, ilhali mvua haikai miezi hiyo yote. Mahindi ya haibridi yaliyoanza kutolewa Kitale mwaka 1964 yafaa mahali penye mvua ya kudumu. Mahindi ya Katumani yalitengenezwa kwa ajili ya nchi kavu kama Ukambani, ambako joto huyasaidia kukomaa upesi. Yakipelekwa penye baridi nayo hukawia. Hivyo mkulima wa Laikipia amebanwa pande zote mbili, na bidii peke yake haiwezi kumtoa hapo.

Kaka mkubwa hakuyafahamu hayo mpaka alipokwenda mwenyewe kumzuru ndugu yake, mwisho wa mwezi wa Mei, akakaa wiki mbili. Alikuta shamba limepaliliwa vizuri, wala halina gugu hata moja. Kila alasiri aliyaona mawingu meusi yakijikusanya mlimani, akasikia na radi, lakini tone moja halikuanguka juu ya mahindi. Wazee wafugaji wa huko hawakuinua hata macho. Hakuomba radhi kwa maneno, kwa maana wakubwa wengi hawajui kuwaomba radhi wadogo wao. Lakini baada ya kurudi kwao alipakiza magunia manne kwenye gari la kwanza alilolipata.

Mdogo naye alibadili mashauri yake. Alipunguza mahindi, akapanda viazi na maharagwe ambayo hukomaa kwa miezi mitatu au minne, akaacha sehemu ya majani kwa ajili ya kondoo. Aliweka mifereji chini ya mabati ya nyumba na tangi la kutekea maji. Hakutajirika, lakini hakuomba tena.

Tofauti za namna hii zimejaa nchini. Huko Kericho pepo za Ziwa Victoria hukutana alasiri na pepo za mashariki, mvua hunyesha karibu miezi yote, mara nyingine pamoja na mvua ya mawe, na chai hustawi. Lodwar, ambayo nayo iko magharibi ya nchi, hupata kama milimita 200 tu kwa mwaka. Kitale ina msimu mmoja mrefu. Ukambani ina misimu miwili, na ule wa Oktoba hadi Desemba ndio utegemewao zaidi. Pwani mvua kubwa hufika wakati kusi inapoanza kuvuma, hasa mwezi wa Mei. Kinangop, usiku usio na mawingu waweza kuleta sakitu, yaani umande ulioganda, nayo huunguza majani ya viazi kana kwamba yamepitiwa na moto.

Kwa hiyo karani aliye Nairobi, asikiapo mvua ikipiga mabati usiku, asiharakishe kumpigia mkewe simu Kitui na kumwamuru apande kesho yake. Mama aliye shambani ndiye ajuaye udongo wake umelowa kadiri gani, na ushauri wake wastahili kusikilizwa kabla ya ule wa mtu aliye mbali. Vilevile anunuaye shamba katika wilaya ngeni asitosheke na kuutazama udongo na hati. Na awaulize wenyeji mvua huanza lini na hukoma lini, na katika miaka kumi iliyopita wamevuna miaka mingapi. Akisha hamia, na aweke chombo cha kupimia mvua na daftari la kuandikia. Gharama yake ni ndogo, na baada ya miaka michache daftari hilo litamfaa kuliko kalenda ya baba yake.

Na amwonapo jirani au ndugu ambaye hakuvuna, aulize kwanza mvua ilinyesha wapi, ndipo aulize habari za jembe.