Mseto, Chotara na Swali la Muuza Omena

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, virusi vya UKIMWI hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja. Wanasayansi wametufunza kwamba jina hilo moja limebeba ukoo mzima. Kundi kuu la VVU-1, lililoenea duniani kote, limegawika katika aina zinazotambuliwa kwa herufi: A, B, C, D na kuendelea. Nchini Uganda zimetamalaki A na D. Tanzania hupatikana A, C na D. Kenya aina A ndiyo iliyotia fora, ikifuatwa na D na C. Nchi hizi tatu zimelizunguka Ziwa Viktoria, na wavuvi, wachuuzi wa samaki na madereva wa malori hawajapata kuishi kwa kufuata mistari ya ramani. Si ajabu, basi, kwamba aina hizo zilikutana Kisumu na katika fuo zake, na zilipokutana zikachanganyika.

Huchanganyika vipi? Kila kirusi hubeba nyuzi mbili za maelezo ya kijeni, kila moja ikiwa na takriban herufi 9,700. Mtu akiambukizwa aina mbili, na zote mbili zikaingia katika seli moja, huweza kuzaliwa kirusi chenye uzi mmoja wa huku na mwingine wa kule. Kikiingia katika seli nyingine, kimeng'enya kinachonakili maelezo hayo huruka kutoka uzi hadi uzi, mithili ya mwandishi anayenakili miswada miwili kwa wakati mmoja. Fauka ya hayo, mwandishi huyo hukosea mara kwa mara wala hahariri kazi yake. Nakala inayotoka huwa mpya: haikuwahi kuwapo.

Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, si wa biolojia. Niliingia katika suala hili kupitia mlango wa lugha, nilipoombwa kusaidia kusanifu maelezo ya Kiswahili kwa watu ambao wangetoa damu ili virusi vyao visomwe. Rasimu niliyokabidhiwa ilikiita kirusi kilichochanganyika "chotara". Kimaana neno hilo halina kasoro. Hata hivyo, maneno huja na historia zao. Chotara ni mtu aliyeulizwa nasaba yake. Nyuma yake pana mama anayesutwa na baba anayetafutwa. Nilipendekeza "mseto". Hili ni neno la jikoni, la wali uliopikwa pamoja na choroko. Ni neno la shambani, katika kilimo mseto. Na Wakenya tulilizoea katika serikali ya mseto ya 2008 hadi 2013. Mseto haumuulizi mtu ametoka kitanda gani.

Huenda msomaji akadhani huu ni ubishi wa darasani. Tulipoyasoma maelezo hayo mbele ya akina mama katika ufuo mmoja karibu na Kisumu, mjane muuza omena aliniuliza: "Mwanangu, damu yangu ikisomwa, itasema nani aliniletea?" Hakuna aliyecheka. Katika utafiti wa kitaifa wa 2018, asilimia 4.9 ya Wakenya wazima walikuwa na virusi. Kisumu walikuwa asilimia 17.5, na Homa Bay asilimia 19.6. Katika fuo hizi, ambako jaboya, yaani mvuvi anayempa mchuuzi samaki kwa masharti ya ngono, amejulikana kwa miaka mingi, swali lile halikuwa la udadisi. Mjane aliyeachiwa kaburi na watoto huachiwa pia lawama.

Jibu la sayansi ni la unyenyekevu. Virusi vya watu wawili vikitofautiana sana, wataalamu huweza kusema kwamba hawa hawakuambukizana. Vikifanana, huwa vimeonyesha ujirani tu. Huenda yuko mtu wa tatu, asiyepimwa, aliyewaambukiza wote wawili. Mseto huzidisha ugumu, kwani kila kipande cha kirusi kina nasaba yake: hiki chaelekea kwa D, kile kwa A. Atafutaye mkosaji mmoja humo atapata umati.

Hapa nilikumbuka tamthilia ya Steve Reynolds, Orodha. Watu wanatetemeka wakidhani Furaha ameacha majina ya wanaume. Kumbe ameorodhesha mambo ambayo yangemwokoa. Damu nayo haitunzi orodha ya majina.

Kwa nini, basi, isomwe? Chanjo ya majaribio ya HIVA, iliyoanza kujaribiwa Nairobi mwaka 2001, ilitengenezwa kwa kufuata aina A kwa kuwa ndiyo iliyotapakaa hapa. Haikufaulu, na hadi leo hatuna chanjo. Lakini hatutapata chanjo ya kirusi tusichokijua sura. Habari njema ni kwamba dawa za sasa zenye dolutegraviri, ambazo Kenya ilianza kuzieneza mwaka 2018, hukabili A, C, D na miseto yake.

Kiswahili chenyewe hututia mtegoni. Tusemapo "ameambukizwa", sikio la msikilizaji hungoja "na": na nani? Ndiyo maana niliomba sentensi moja iongezwe, bila istilahi yoyote: "Uchunguzi huu hauwezi kusema nani alimwambukiza nani." Ilikubaliwa. Bila sentensi hiyo, mama yule angetia kidole gumba kwenye karatasi akitarajia ushahidi, au angekataa akiuogopa. Katika hali zote mbili ridhaa yake isingekuwa ridhaa.

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitupatia Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na tunawashukuru waliotangulia. Istilahi nyingi tangu hapo tumezipima kwa mwalimu na mtihani. Wenzangu wanafunzi, na walimu wetu, napendekeza kipimo cha tatu: neno la tiba lisomwe kwa sauti mbele ya yule ambaye damu yake inatajwa, naye aulizwe amesikia nini.