Ile ya Chuo

Sisi Wakamba njaa huwa tunaipa jina. Ile ya 1898 na 1899 ni Ngomanisye, iliyoenea kila mahali. Ya 1961 ni Yua ya Ndeke, kwa sababu chakula kilidondoshwa kwa ndege. Ya 1965 ni ya Atta, unga wa msaada. Ya 1984 ndiyo ninayoipenda kwa jina, kama mtu anaweza kupenda kitu cha aina hiyo: Nikw'a Ngwete. Nakufa nimeshika. Pesa ziko mkononi, dukani hakuna cha kununua. Waliobuni jina hilo walikuwa na njaa tumboni na bado wakapata pumzi ya kufanya mzaha.

Ile iliyoanza mwishoni mwa 2020 ikaendelea hadi mapema 2023, misimu mitano ya mvua ikikataa mmoja baada ya mwingine, nyumbani kwetu Kabati inaitwa Ile ya Chuo. Maana ndiyo iliyonitoa chuoni.

Hesabu yenyewe ni fupi. Karo yangu ilikuwa inatembea kwa miguu minne. Serikali ilipotangaza ukame kuwa janga la kitaifa, Septemba 2021, mama alikuwa na ng'ombe watatu. Mmoja alikufa. Wawili waliuzwa kwa bei ambayo mwaka uliotangulia isingenunua hata ndama, kwa sababu kila mtu alikuwa anauza na mnunuzi alikuwa anachagua kama mtu anayechagua nyanya. Pesa ile ikaenda kwa mahindi. Januari 2022 nilishuka matatu pale stendi ya Kabati na begi moja, godoro nimeliacha kwa rafiki Nairobi. Hakuna aliyenifukuza na hakuna wa kulaumiwa. Siku hizi naishi kwa kuandika, kwa oda, kwa watu nisiowajua. Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa makala kumi za Wamarekani kuhusu namna ya kumwagilia nyasi za mbele ya nyumba wakati wa kiangazi. Niliandika hizo makala asubuhi, baada ya kurudi mtoni kutafuta maji. Wee, nilicheka peke yangu hadi mama akaja kuangalia kama niko sawa.

Lakini nilitaka kuandika kuhusu susu.

Susu ni nyanya yangu, mama ya baba. Mimi nimepewa jina la babu, kwa hiyo ananiita mume wangu, na nikikosea ananikaripia kama mume. Ni mama wa kanisa, AIC, wa ile aina inayofika kabla ya mchungaji. Wakati ule wote wa ukame alikuwa anaamka saa tisa usiku kwenda mtoni. Mto wetu mwaka mwingi ni mchanga mtupu. Unachimba shimo, unakaa, maji yanajikusanya polepole chini, unayachota kwa kikombe, unamimina mtungini, unangoja tena. Mtungi mmoja wa lita 20 unaweza kukula saa nzima. Wanawake wanakaa kwa foleni kuzunguka shimo, kurunzi zimezimwa ili betri isiishe, na katika giza hilo wanaimba. Si kwa sauti kubwa. Wanaimba kama watu wanaopika.

Nilipoanza kumsindikiza nilikuwa na hasira, na wimbo ulinizidishia. Nilikuwa nimetoka tu kumsikiliza mhubiri mgeni aliyepita sokoni na spika mbili, akatuambia kwamba Mkristo asiye na furaha ana shaka moyoni, na kwamba dawa ya shaka ni kupanda mbegu. Si ya ndengu. Ya noti. Kwa hiyo niliposikia kina mama wanamsifu Mungu juu ya shimo la maji machafu, nilidhani ni kitu kilekile, ni hofu imevaa nguo ya Jumapili.

Usiku mmoja nikamuuliza. "Susu, hivi unafurahia nini hasa?"

Hakukasirika. Aliendelea kuchota. "Mume wangu, kwani furaha nilipewa na mvua, ndiyo mvua ije ichukue?"

Kisha akaniambia nishike mtungi vizuri, namwaga.

Andiko lake ni la Habakuki, ule mwisho wa kitabu. Hiki ni kitabu kidogo cha sura tatu, na mwanzoni nabii anamlalamikia Mungu waziwazi, anamuuliza atalia mpaka lini bila kusikizwa. Halafu mwishoni anahesabu vitu ambavyo havipo. Mtini, mzabibu, mzeituni, shamba, kondoo, ng'ombe. Na baada ya kuhesabu anasema atafurahi. Susu akiomba huwa anabadilisha orodha. Anaweka mahindi, anaweka nzuu, ambazo wengine mnaziita mbaazi, anaweka ndengu, anaweka mbuzi, na yule ng'ombe wetu aliyekufa anamtaja kwa rangi yake. Hasemi "hata kama." Anasema "sasa kwa kuwa."

Nimesoma sura hiyo mara nyingi kutafuta mahali ambapo mvua inanyesha. Hainyeshi. Kitabu kinaisha mzizini pakavu vilevile. Mhubiri wa spika mbili angeongeza mistari miwili hapo, mtini uzae, watu watoe ushuhuda. Habakuki hakuongeza, na hilo ndilo linalonifanya nimwamini.

Imani yenyewe ilifika Ukambani kwa mlango huohuo. Peter Cameron Scott, kijana aliyeanzisha ile misheni iliyozaa AIC, alifika Mombasa Oktoba 1895 na wenzake, wakafungua kituo chao cha kwanza Nzaui, upande wa Makueni. Desemba 1896 alikuwa amekufa kwa homa, na umri wake miaka 29. Wenzake kadhaa wakafa, wengine wakaondoka, halafu Ngomanisye ikaingia. Kama ungepima habari njema kwa matokeo ya miaka ile minne, ungeifunga duka. Mimi nina mambo yangu na wamisionari, walivyokuwa wanatazama ngoma zetu na mathembo yetu kama uchafu tu, lakini siwezi kusema walikuja kuuza raha.

Pia kuna siku ambazo furaha inajua kunyamaza. Jumamosi tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya wa Kikatoliki wa Mwingi, wakienda harusini upande wa Nuu, lilisombwa na mto Enziu uliokuwa umefurika. Watu zaidi ya 30 walikufa, wengine watoto. Katikati ya ukame, maji. Watu wa kwaya, wakienda kuimba. Barabara inayopita hapa Kabati ndiyo inayokwenda Migwani hadi Mwingi, na wiki hiyo ilikuwa na magari ya matanga. Niliporudi nyumbani mwezi uliofuata mama alinisimulia kwamba Jumapili ile kwaya yetu ilikaa kwenye viti vyake bila kusimama, na hakuna aliyewaambia wafurahi. Susu na wenzake walipitisha kikapu cha sukari na majani ya chai ya kupeleka. Ilikuwa ndiyo ibada.

Februari 14, 2023 Rais Ruto aliongoza maombi ya kitaifa ya mvua kule Nakuru. Wenzangu niliowaacha chuo walikuwa wanaposti maua, maana ilikuwa siku ya wapendanao. Mwezi wa tatu mvua ikaanza, na pale sokoni ukawa ushuhuda mkubwa, eti maombi ya Nakuru yamefungua mbingu. Nilimletea susu habari hiyo nikitaka kuona atasema nini, kwa kuwa yeye alikuwa ameomba misimu yote mitano bila kamera.

"Mungu hana mfereji," alisema. "Wewe nenda kachukue jembe."

Na mwisho wa mwaka huohuo ikaja El Niño, mvua ikazidi hadi ikala matuta ambayo kikundi chao cha mwethya kilichimba kwa mikono. Waliyachimba upya. Kwa wimbo, ndiyo, na kwa utani mwingi wa aibu ambao siwezi kuuandika hapa mchungaji wetu asije akausoma.

Chuo bado kinanidai. Nimelipa kidogo kutoka kwa nyasi za Wamarekani, kilichobaki ni kikubwa kuliko kilichokwenda, na kuna usiku nikiona picha za mahafali kwenye simu nalala nikiwa nimegeukia ukuta. Sijawahi kumficha susu jambo hilo. Hakunipa andiko. Alisema tu kwamba kesho yake ananihitaji shambani mapema.

Ilikuwa Oktoba. Sisi hupanda kavu, kabla ya mvua, ili tone la kwanza likute mbegu iko ardhini. Hakukuwa na wingu hata la kudanganya. Ardhi ilikuwa ngumu, jembe linarudi juu kama limegonga bati. Yeye mbele anachimba, mimi nyuma nadondosha nzuu, tatu kwa shimo. Nilipodondosha nne alisikia, sijui vipi, akageuka.

"Mume wangu, unataka kunifilisi?"

Nikaitoa moja, nikairudisha kwenye kikombe, tukaendelea hadi kwenye mti wa mpaka.